Alitunga au Alitungiwa

Shella, Malindi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Je, mguu umepungua uvimbe? Na baridi ya huko Wundanyi, inakuruhusu kwenda shamba? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umejaa kinyaa, na hofu pia, nisikufiche.

Nilikwambia kwamba tajiri wangu, yule mzee wa Kiitaliano, anafungua chumba cha maonyesho kuhusu babu wa babu zake, Ottavio Brencaldi, mtunzi wa muziki wa kanisa wa miaka mia nne iliyopita. Kazi yangu ni kupanga karatasi zake na kuandika maelezo ya Kiswahili ya kubandika ukutani. Wanafunzi watakuja kuyasoma Jumamosi.

Katika karatasi hizo nilikuta tafsiri ya barua za mtawa mmoja, Sista Lucilla. Brencaldi alimfundisha muziki kupitia dirisha la nondo. Msichana akawa anatunga nyimbo na kumpitishia hapo hapo dirishani. Brencaldi akawa anazichapisha kwa jina lake mwenyewe, mpaka akapewa ukuu wa kwaya. Msichana alipolalamika, Brencaldi alimshitaki kwa mkuu wa watawa, asipewe tena karatasi wala wino. Msichana alikufa hivyo.

Nilipomwonyesha tajiri, alicheka. "Mambo ya kale hayo. Wewe andika: alitunga nyimbo hizi zote."

Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Niliogopa kubisha, na uongo pia niliuogopa. Nikaandika "alitungiwa", nikijua Kiswahili chake hakifiki hapo.

Leo asubuhi Bi Mwanaisha, mama wa hapa Shella anayetufanyia usafi, aliegemea fagio akasoma kwa sauti. "Alitungiwa? Na nani, mwanangu?"

Nikamnong'oneza habari ya mtawa.

"Ala! Basi huyo ni jipu. Alichotunga mwenyewe ni usaha!"

Kicheko chake kikamtoa tajiri ofisini. "Mnacheka nini?"

Bi Mwanaisha akanitazama. Ningeweza kusema ni mzaha tu. Nilimweleza tajiri tofauti ya maneno yale mawili. Akanisukumia wino mweupe wa kufutia.

"Futa hizo herufi mbili, au uondoke."

Nikauacha wino mezani. Nakuandikia mkoba wangu ukiwa umeshafungwa.

Msalimie Baba Mdogo aliyenilipia chuo, umweleze polepole. Na dada, mwalimu wa kwaya, mwambie aandike jina lake chini ya kila wimbo anaoutunga.

Mwanao,
Mwakio