Wimbo wa Mkono wa Kushoto

Nyamisangura, Tarime

Kaka Oswaldi,

Shikamoo. Natumaini huko Songea hamjambo, wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, ila akisikia kwaya inaimba anapona ghafla. Mke wangu Kezia anakusalimu sana. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nawe unajijua.

Ule wimbo wa kinanda ulionitungia, wa mkono wa kushoto peke yake na kwaya nyuma yake, nimeujua wote. Ulisema Kwaresima nzima ulijifunga mkono wa kulia kwa kanga ya shemeji, uhakikishe kwamba unapigika. Nililia. Tangu mwamba uniangukie duarani, mle shimoni tulimochimba dhahabu kule Nyamongo, nikakatwa mkono, watu wote waliniuliza nitalimaje. Wewe tu uliuliza kama nitapiga tena.

Wanakwaya wanaupenda mno. Padri amesema tuupige sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na Mama ameniambia umeshaomba ruhusa kazini uje kusikiliza. Hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Kaka, ile picha ya hospitali nilijipiga mwenyewe, na simu yangu hugeuza picha kama kioo. Wewe uliona nimekatwa mkono wa kulia, kumbe ni wa kushoto. Wimbo ulipofika nilikosa moyo wa kukwambia. Kezia akanisogezea benchi upande wa sauti nzito, nikaupiga kwa mkono wa kulia, nimejipinda, na ile sauti ya juu uliyoipa kidole gumba inabebwa na kidole changu cha mwisho, kile kidogo. Nimenyamaza muda wote huu, na ninajuta.

Ningeendelea kunyamaza, lakini juzi uliniandikia kwamba uliutunga kuuomba radhi mkono wangu wa kushoto, kwa jinsi ulivyouchapa rula kila mkono huo ulipochelewa mapigo, enzi zile unanifundisha kinanda. Mkono huo Mama aliuzika nyuma ya zizi, Kaka. Ombi lako la radhi halikuukuta.

Mimi nilishakusamehe zamani, hilo nalisema kwa moyo mweupe. Ila ule mkono, hadi siku yake ya mwisho, kila nilipokaa kwenye kinanda ulikuwa bado unaisubiri rula.

Njoo hivyo hivyo. Mama ameshamtenga jogoo wako. Shemeji na watoto wape salamu zangu zote.

Ni mimi mdogo wako,
Rubeni