Kijiti cha Kupimia Oili

Same, Jumamosi

Kumbe injini haina kosa lolote. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa.

Asubuhi, nyumbani Ugweno, kile kijiti cha oili nilichokitengeneza kwa waya wa mwavuli kilionyesha imejaa. Kufika Same nikakichomoa: oili iko vidole viwili chini ya alama. Nikaona gari nililoliunda kwa vipuri vya lori bovu linavuja, limeniaibisha safari ya kwanza.

Mke wangu akainama, akatazama chini ya gari. "Baba Eliudi, mbona mchanga mkavu? Alama uliitia gari likiwa wapi?"

Uani kwetu, kwenye mteremko, oili ikiwa imeegemea upande wa kijiti. Sisi wa mlimani tambarare tungeipata wapi?

Nimetia alama mpya hapa Same, penye tambarare. Tukirudi nyumbani itadanganya tena. Yeye anasema kijiti hakina neno, tuhamishe nyumba.