Kijiko cha Bibi

Baba Kiduchu,

Tangu siku tulipomzika Mama, Kiduchu amekuwa akikataa chakula, na sote tukasema ni majonzi, anamlilia bibi yake. Kumbe ni tumbo. Asubuhi hii daktari kasema majibu yametoka: ana bakteria tumboni, na huenda ndio wanaomzuia kuongezeka kimo na uzito. Nawe ulivyokuwa ukinitania kwamba karithi ufupi wa kwetu! Haya, cheka sasa.

Sikukuamsha, najua umetoka zamu ya usiku. Nimemlaza kando yako. Dawa ziko juu ya friji. Akiamka, mpe baada ya uji. Azimalize zote, hata akipata nafuu. Kesho tunapimwa sote, na wewe mwenye tumbo la chuma.

Nilimuuliza daktari kaambukizwa wapi. Akasema mara nyingi ni humu humu nyumbani, lakini kwa nani, hawezi kujua. Akilini nikamwona Mama akionja uji kwa kijiko chake, "Msije mkamuunguza mjukuu wangu," ndipo amlishe kwa hichohicho. Naye miaka yote alilalamika tumbo. Sijui nimlaumu au nimshukuru. Sijui hata kama ni yeye. Labda ni mimi.

~~Kijiko chake kitupe.~~ Hapana, usikitupe. Kioshe, ukirudishe kabatini.

Uji uko kwenye chupa ya chai. Kuanzia leo Kiduchu anakula kwa kijiko chake mwenyewe, kile cha bluu.

Mama Kiduchu