Chatu Uliyeniachia Kapuni

Shangazi yangu wa Bunda, shikamoo huko uliko,

Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, maana hapa Bweri ukianza kusimulia habari za chatu watu wanakusogelea kwa udaku tu, kisha jioni wamekupa jina. Wewe ndiye uliyenitia kwenye jambo hili, basi wewe ndiye utakayenisikiliza.

Unakumbuka ulivyotangaza? Ulikuwa umeegemea mto, umedhoofu, lakini sauti ile ile ya kufukuzia ng'ombe kwenye pamba. Kikundi chako cha ngoma kimekuja kukuona, wamejaa chumbani, ukasema, "Bwana Harusi ni wa huyu mtoto wa kaka yangu." Kulwa, kiongozi wenu, akakohoa. Mila ya kikundi mnaijua wote: mcheza nyoka akiondoka, nyoka wake anakwenda kwa yule atakayemtoa kapuni kwa mikono mitupu, mbele ya wenzake. Akishindwa, kikundi kinamchukua, na kibali chenyewe cha maliasili ni cha kikundi. Wewe ukajibu, "Atamtoa." Mimi hukuniuliza. Ulikuwaga hivyo tangu zamani, unampangia mtu kazi halafu unamwombea.

Chatu kuitwa Bwana Harusi! Eti kwa sababu anatembea taratibu kama anayejua picha zinapigwa. Bado kijana, mnene kama mpini wa jembe, mrefu kupita mkono wangu kidogo. Tulipokuzika nikaja naye huku kwetu Musoma ndani ya lile kapu la kifuniko, amejifunika khanga yako kuukuu.

Sasa sikia nilivyoanza. Siku ya kuanua matanga tulifua nguo zako zote, kama inavyotakiwa, ndipo zikagawanywa. Na mimi, mwanamke niliyelelewa kwa usafi, niliporudi nyumbani nikaitoa na ile khanga ya kapuni nikaifua. Niliiloweka kwa sabuni ya unga, nikaisugua, ikanukia mtaa mzima. Bwana Harusi akaingia chini yake, akajikunja kama kata ya kichwani, akakataa kutoka. Kifaranga niliyemwekea ale akapanda juu yake akalala usingizi. Mume wangu, Baba Neema, akachungulia, akasema, "Huyo ana msiba kuliko hata wewe. Mwache Kulwa aje amchukue, na mimi nipate kunyoosha miguu kitandani."

Sikutaka, shangazi. Nguo zako zilikuwa zimeshakwenda kwa watu, nyumba yako ya Bunda ina wapangaji wanaokaanga samaki pale ulipokuwa ukianika pamba. Kilichobaki chako kinachopumua kilikuwa ni yeye tu. Niliona na yeye akienda, basi umekwenda kabisa.

Asubuhi moja nikasema leo ni leo. Nimetoka bandani kuhudumia vifaranga wangu, nikafungua kapu, nikamkaba shingoni kwa juu, kama wanavyokamata kwenye video za simu. Yalaa! Akaning'ata kidole gumba. Nilipiga yowe, majirani wakaja mbio, Mama Bhoke mbele na jembe mkononi.

"Yuko wapi tummalize?"

"Hamumgusi! Ni wa kwangu."

"Wa kwako? Si amekuuma?"

"Amenifinya tu. Chatu hana sumu."

Damu inanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama Bhoke akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya mama. Akikumeza usiniite."

Nikaosha kidonda kwa maji na sabuni, nikakifunga kitambaa, nikakaa chini kwa hasira. Hapo ndipo nilipokukumbuka Butiama, nikiwa mdogo, ulipokuja kwa kaka yako baada ya kuuza pamba ukaleta na ngoma yako. Ulicheza na chatu mkubwa yule, katekista akahamisha benchi lake mara mbili huku akisema anafuata kivuli. Baada ya ngoma nilitaka kumgusa, ukanipiga kofi mkononi. Nilikuwa nimetoka kula samaki, sato.

"Kanawe kwanza. Nyoka hasikiagi mdomo wako, anakuonja hewani kwa ulimi. Ukimwendea unanuka chakula, wewe ni chakula."

Vifaranga! Mikono yangu ilikuwa inanuka vifaranga. Maskini Bwana Harusi hakunichukia, aliona kifungua kinywa kinaingia kapuni. Na ile khanga niliyoifua, nilikuwa nimekufuta wewe kwa mikono yangu, nikamwacha peke yake kwenye harufu ya sabuni.

Harufu yako sikuweza kuirudisha. Nikajifunga ile khanga mimi, nikalala nayo. Baba Neema akauliza kama nimeolewa tena. Ilipokwisha kukolea harufu yangu, nikairudisha kapuni, nikawa namwendea baada ya kunawa, nakaa tu karibu yake nachambua mchele. Siku za kwanza akatoa ulimi. Baadaye akatoa kichwa. Kisha akamla kifaranga, na mimi nikalia kwa furaha. Niambie, nani mwingine angenielewa, mfuga kuku analilia kuku wake kumezwa? Nikamwacha atulie kama ulivyozoea kusema, mtu ameshiba, unambebea nini.

Ila kumtoa kapuni, hapo nilishindwa. Nikimshika anajipinda, anafoka, namrudisha. Na Kulwa naye akapiga simu: pamba imeisha shambani, wanakuja Jumapili baada ya ibada, kuniona nikimtoa.

Wakaja. Walichelewa, pikipiki mojawapo ilipata pancha Kiabakari, na mimi nikawa naomba zipasuke zote. Walipofika wakapanga ngoma zao uani kwangu. Watu wa Bweri wakajaa. Mama Bhoke alikuwa kwenye uzio na jembe lake, anapalilia mahali ambapo hapana hata jani moja.

Nikanawa. Nikafungua kifuniko. Nikamshika katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu, ili asinitoroke mbele ya watu. Akafoka, akajivuta, akaanza kunipinda vidole. Nikamwachia. Kulwa akasogea hatua moja, akasema kwa upole kabisa, "Dada, siyo aibu. Tutamtunza." Upole wake ndio ulionimaliza. Nikainamia lile kapu machozi yasionekane, na hapo, shangazi, nikakusikia.

Siyo mzimu, usinicheke. Nilikukumbuka tu. Zile wiki za mwisho Bunda, nilipokuwa nakutoa nje uote jua. Siku ya kwanza nilikunyanyua kwa makwapa, kwa nguvu zangu zote, nikiogopa utaanguka. Ukanikemea mpaka jirani akasikia: "Wee! Unanishika kama mwizi wa ng'ombe! Usinishike. Nibebe." Ukanionyesha. Mkono mmoja uingie chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, vidole wazi, visikaze. Halafu nisivute. "Ngoja, nitakujia mwenyewe." Nikangoja, na kweli ulikuja, kidogo kidogo, mpaka ukanilalia kifuani mzima mzima. Tangu siku hiyo nilikubeba hivyo kila asubuhi. Mimi nilidhani unanifundisha kuuguza.

Nikaingiza mkono mmoja chini ya tumbo lake, wa pili nyuma kidogo, vidole wazi. Nikangoja. Ulimi ukanigusa kwenye kiganja, ukagusa kitambaa cha kidole gumba, ukagusa tena. Kisha akanijia. Alinipandia mkononi taratibu zake zile za picha zinapigwa, akafika begani, akazunguka shingo yangu, akatulia. Nikasimama naye.

Ngoma zikalia, shangazi! Wanawake wa kikundi wakapiga vigelegele, Baba Neema akapiga makofi akiwa nyuma ya mlango. Mama Bhoke alidondosha jembe, akasema, "Kumbe ana heshima zake." Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, maana nilisikia uzito wa Bwana Harusi mabegani nikaukumbuka wako, jinsi ulivyokuwa mwepesi mwishoni, na jinsi ulivyokuwa ukiniambia, "Umeona? Si nimekuja?"

Kulwa akanifungia njuga zako mguuni. Nilimwambia sijui kucheza, akasema hiyo ni kazi ya mwakani. Halafu akauliza kwa mshangao, "Kubeba hivyo nani amekufundisha? Ni marehemu peke yake aliyekuwa akimbeba hivyo."

Nikamwambia, "Nilianza kwa kumbeba marehemu mwenyewe."

Lala salama, shangazi. Leo khanga sikuifua.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.