Zege la Kuzuia Jiwe la Angani

Mshauri wangu, kabla hujaniona mbea kwa kuanika mambo ya ndani naomba unisaidie, maana nimefika mwisho. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole, mchapakazi, hana makuu, lakini tangu asikie redioni habari za asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua na ambayo yanaweza siku moja kuigonga dunia, nyumbani hakukaliki, hata akila anatazama juu, nikimwambia yaache hayo ananijibu, "Mama watoto, bati ni karatasi tu mbele ya lile jiwe," basi akang'oa mabati ya chumba cha watoto, akapanga nondo kama anajenga jela, akamwaga zege nene, mimi na shemeji tukibeba kokoto kwa ndoo mpaka mgongo ukagoma, na sasa watoto wanalala humo, wanapaita handakini na wanafurahi kweli, ila mlango umeanza kukataa kufunga na juu yake ukuta umepasuka kidogo, akapaka lipu, pakapasuka tena, yeye anasema ni lipu inakauka tu. Majirani wanatucheka. Mama mkwe anasema nimwache mwanawe, afadhali mwanamume anayejenga kuliko anayekunywa. Jumamosi anataka kuongeza zege lingine juu ya hilo. Mshauri, hilo jiwe linakuja kweli? Na mume wangu amerukwa na akili, au nimvumilie tu? Nampenda, na naona aibu kumpeleka kwa daktari.

Mke wa Fundi Geti

Mke wa Fundi Geti, pole. Mwanzoni nilicheka, nakiri. Nilipofika pale ulipotaja mlango nikaacha kucheka.

Nianze na ulichouliza. Mawe hayo yapo. Madogo mengi huungua angani kabla ya kufika chini. Makubwa wataalamu wanayafuatilia kwa darubini, na katika yale makubwa wanayoyajua, hakuna linalotarajiwa kutugonga kwa miaka mia ijayo. Wameshawahi hata kurusha chombo kikaligonga jiwe moja, likabadili njia. Hatari ipo, lakini ina walinzi wake, na mumeo si mmoja wao. Likija kubwa kweli, zege lake halitafua dafu. Mumeo hajarukwa na akili, ameingiwa na hofu, na baba kuwahofia wanawe si jambo la kuonea aibu.

Sasa wewe. Dada yangu, habari ya ukuta umeitaja kama mtu anayesema jana kulikuwa na mawingu! Kuta zilizojengwa kubeba bati mmezitwisha zege, mlango unakataa, ukuta unapasuka, nawe unaniuliza ya angani? Hiyo si lipu inayokauka, ni ukuta unaoelemewa. Mumeo anajua chuma, kuta hazijui. Na mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba wajukuu wake ndio wanaolala chini ya zege hilo.

Watoe watoto humo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Walale sebuleni, kwa jirani, popote. Isipande hata ndoo moja zaidi. Mwite mwashi akague kuta mumeo akiwepo, na chumba kikae kitupu mpaka mwashi aseme ni salama. Usimcheke mumeo mbele ya watu. Mkalishe, umwambie, "Baba watoto, ulitaka jiwe lisiwaangukie wanetu. Liko juu ya vitanda vyao. Njoo tuliteremshe."