Mama Hataki Kupanda Gari Jingine

Shangazi, shikamoo. Nakusoma kila wiki, na leo zamu yangu imefika. Naomba unishike mkono, maana kichwa kimejaa na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mke wa kinyozi. Tunaishi na mama yangu mzazi tangu alipopasuliwa nyonga, na anatakiwa kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi, asipokwenda mguu utakakamaa na ndiyo basi, na gari letu ni dogo, la zamani, rangi yake siku hizi hata mimi siijui, nyuma lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia, na kila likivuka tuta linagonga ngo! mama anapiga ukelele mpaka mimi nalia naye, hadi asubuhi moja akashika mlango wa chumba chake akasema, "Siendi tena. Bora mguu wenyewe ukauke."

Mume wangu alikuwa amesimama pale na funguo mkononi. Hakumbembeleza. Alimuuliza tu, "Mama, inauma gari likipanda tuta au likishuka?"

Mama akafikiri. "Likishuka, baba. Linadondoka."

Basi akavua shati, akaingia uvunguni mwa gari.

Shangazi, huyu mtu kazi yake ni mkasi na mashine ya kunyolea, spana alikuwa hajawahi kuishika. Akamfuata fundi wa mtaa wa pili, mzee tunayemwita Babu Grisi, akamwomba amfundishe, wakakuta springi moja ya nyuma imekatika pindo la chini, shokapu zote mbili, zile zinazozuia gari lisirukeruke, zinavuja mafuta, na bushi, yaani mipira inayokaa kwenye maungio ili vyuma visigongane, zimekwisha kabisa. Mara ya kwanza alikosea, alifunga springi nene za kubebea mizigo, gari likainua mgongo likapendeza kweli, lakini likawa linaruka kama mbuzi na mama akaumia zaidi. Nikadhani atakata tamaa, kumbe wapi, akazifungua zote, akatafuta springi laini zinazolingana na uzito wa gari, akatafuta na shokapu bora kuliko zile lililokuja nazo, za kukaza na kulegeza upendavyo, halafu akawa anakaa yeye mwenyewe kiti cha nyuma, upande wa mama, sufuria ya maji pembeni yake, mimi naendesha kwenye matuta, maji yakimwagika anashuka anarekebisha, tunarudia, huku wateja wanamsubiri kwenye benchi la saluni wakinung'unika.

Lakini kilichonimaliza ni siku ya mwisho. Babu Grisi alimwambia bushi mpya hazikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, zinakazwa likiwa limesimama kwa matairi yake na mzigo wake, la sivyo mpira unajinyonga na kuchanika mapema. Mume wangu akaja nyumbani kumchukua mama. Tukamketisha kiti cha nyuma, mkoba mapajani, gari likiwa juu ya shimo la gereji, na yeye akashuka shimoni. Nikamsikia kutoka chini, "Mama, umekaa kama unavyokaa siku zote?"

"Nimekaa, mwanangu. Kaza."

Akakaza, Shangazi, akalikaza gari likiwa limembeba mama yangu. Nikageukia ukutani nikajifanya nafuta jasho.

Sasa mama anakwenda mazoezi, anatembea kwa mkongojo mmoja, na njiani anasinzia. Ndipo kaka yangu mkubwa alipopata gari jipya, kubwa, refu, akaja nalo ampeleke mama. Mama akautazama ule urefu wa kupanda, akasema mbele ya majirani, "Asante mwanangu, mimi nina gari langu." Kaka akacheka pamoja na sisi, lakini aliondoka bila kuaga. Baadaye akanipigia simu: "Mwambie mumeo auze hilo kopo. Mimi ni mtoto wa mama, au nimekufa?" Sauti ilikuwa inamtetemeka, na mimi kwa huruma nikajibu, "Nitamwambia."

Sijamwambia. Kaka huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Lakini kila nikimwona mume wangu anakagua zile nati kabla ya safari, ulimi unakuwa mzito. Nimpoteze kaka, au nimvunje moyo mume wangu?

Mke wa kinyozi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha zangu tu. Wapo waume ambao kumuuliza mkwe ameamkaje ni kazi nzito. Wako alisimama akauliza maumivu yanaingilia wapi, akakosea, akafungua kazi yake mwenyewe bila kumlaumu mtu, akaanza upya. Ukipata mtu wa namna hiyo unamshika kwa mikono miwili.

Sasa nikugombeze. Nani alikutuma useme "Nitamwambia"? Ulimwonea kaka huruma, ukamfariji kwa kitu kisicho chako. Na neno kopo ulilimeza vipi, wewe uliyeona gari lile likifungwa?

Lakini kaka naye usimfanye adui. Mtu kapata gari, wa kwanza kumfikiria ni mama yake, anakataliwa mbele ya majirani. Ungekuwa wewe, chakula kingeshuka siku hiyo? Hana haja gari lenu liuzwe. Anachotaka ni kumpeleka mama yake.

Basi fanya hivi. Mweleze mumeo yote leo, pamoja na ahadi yako, usipunguze. Usimwombe auze gari, mwombe funguo za kumwazima kaka. Halafu mwambie mama ampigie mwanawe yeye mwenyewe, amweleze kwamba alichogomea ni kule kupanda juu na nyonga mbovu, wala hakumkataa yeye. Hilo hakuna mwingine anayeweza kumsemea. Kisha wewe mpigie kaka, sema gari haliuzwi na usiombe radhi, na hapo hapo mwambie, "Njoo umpeleke mama mazoezi, kwa gari lake." Atalalamika kwamba hatoshi mle ndani. Mwambie kiti kinarudi nyuma. Safari ya kwanza mumeo aende naye, amwonyeshe jinsi ya kushuka tuta polepole, maana hata springi nzuri zinahitaji dereva mwenye adabu. Gari kubwa lisubiri. Wataalamu wa mazoezi wakisema nyonga imepata nguvu, mama atapanda, na kaka atamsaidia kupanda.

Na kabla ya yote hayo, kuna jambo moja. Barua nzima umemsifu mumeo kwangu mimi, ambaye hata sura yake siijui. Yeye mwenyewe umemwambia lini? Anza na hilo, habari za kaka zifuate.

Shangazi