Kaptura Kavu za Florian

Igogo, Mwanza

Mpwa wangu Modesta,

Marahaba, nimeitikia kabla hujaniamkia.

Ulisema chekechea ya huko Bukoba haipokei mtoto anayejikojolea. Basi mwanao Florian uliyeniachia nimfunze amefuzu! Anavua kaptura mwenyewe, anaita, "Babu, poti!" Kwenye boti ya Ukerewe alijibana mpaka nahodha akampigia saluti. Mwalimu ni mimi. Wauguzi waje wajifunze kwangu.

Tatizo ni moja tu. Kila ukipiga simu na kukata, anaikumbatia ile simu, analowa palepale. Ndiyo maana nimekuandikia barua.

Usingoje akauke kabisa, mama. Hapo palipobaki mimi sipawezi. Njoo umchukue, ila poti uniachie.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Mashimba